Pesa Hufuata Mradi

Shuleni
4 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Hujambo huko mjini? Sisi huku hatujambo, ila masikio yameziba kwa vigelegele. Tangu itangazwe kwamba upande wetu wa mto sasa ni wilaya inayojitegemea, watu hawashikiki. Hata muuza mkaa wa njia panda amebandika kibao: MAKAO MAKUU. Nikamuuliza, makao makuu ya nini? Akasema, "Ya mkaa, mwalimu. Safari hii kila mtu na chake."

Mimi furaha yangu ina sababu moja, nawe unaijua. Bweni. Kuta zimefika usawa wa linta, juu ya madirisha, mafundi wamekusanya vyombo vyao na kuondoka, wanangoja pesa ya paa. Pesa yenyewe ipo, imelala benki kwenye akaunti ya wilaya yenu ya zamani, ina jina la shule yetu ya viziwi kabisa. Tunachotaka ni ivuke mto tu.

Wakati huu watoto wanalala kwenye chumba cha ushonaji. Vyerehani tumevisukuma ukutani, magodoro chini. Kidomo analala karibu na dirisha, watatu godoro moja. Ananilalamikia kwamba mwenzake mmoja humpiga mateke na mwingine huota kwa mikono, anaongea usingizini mpaka anamzaba makofi. Marehemu kaka yako hakukosea kumpa jina lile. Binti kiziwi, lakini mikono yake haina breki. Kasuku mwenyewe angeomba nafasi ya kuongea.

Sasa, wifi, wewe ndiye mhasibu wa hiyo kamati ya mgawanyo. Sikuombi utupendelee. Nakuomba usiruhusu watusahau. Mjumbe wetu huko ni Bwana Kamba, yule mpima ardhi mstaafu, mtu wa kutembea na kamba yake ya kupimia hata akienda msibani. Watu wanasema ni mpole mno kwa kazi hiyo. Mshike mkono.

Kidomo anakusalimu. Anauliza shangazi yake atakuja lini.

Wako,
Wifi Mwalimu


Idara ya Fedha
19 Februari

Wifi,

Barua yako imenikuta katikati ya mafaili. Nisamehe kuchelewa.

Wewe ulidhani kugawana wilaya ni kama kugawana muwa, unaupiga goti unavunjika pande mbili? Njoo uone. Juzi tumebishana asubuhi nzima juu ya greda la barabara. Mjumbe mmoja wa huku alisimama, bila hata kucheka, akapendekeza greda libaki na sepetu lake liende kwenu. Viti vya ukumbi vimegawanywa huku watu wamevikalia. Bwana Kamba wenu ni mpole kweli, lakini si mjinga. Kila kitu anataka akione kwa macho. Tulipomsomea kwamba wilaya ina greda zima, alikwenda gereji, akapanda juu yake, akaliwasha.

Kuhusu bweni, ondoa shaka. Kanuni ni moja, na mimi mwenyewe nilisaidia kuiandika: pesa ya mradi hufuata mradi. Pesa isiyo na mradi hubaki hapa, ilipe kwanza madeni ya zamani. Na madeni, wifi yangu, usiyaone. Kwenye ujia wa ofisi yetu wamekaa wafagizi wa barabara na wa hospitali. Hawajalipwa tangu mwaka jana. Hawapigi kelele. Wanakaa tu wamelaza mafagio miguuni, na kila nikipita wananiamkia: "Shikamoo, mama." Bora wangenitukana.

Nitawasemea. Mbusu Kidomo.

Wako,
Wifi


Shuleni
2 Aprili

Wifi,

Nimekupigia simu, mtandao wa huku ukawa kama paka: unaingia, unatoka, hauagi. Ndiyo nimeshika kalamu.

Leo nilikwenda kwenye ofisi ya wilaya yetu mpya. Ni vyumba vitatu vya lililokuwa ghala, bado vinanuka magunia. Nikamwambia mkurugenzi wetu nimekuja kuulizia pesa ya paa. Akaitazama karatasi ya mgawanyo, akaipindua, akaitazama nyuma kana kwamba pesa imejificha huko. Akasema, "Mwalimu, hapa hakuna bweni." Nikamwambia bweni lipo, kuta hizo zinaonekana ukiwa barabarani. Akasema, "Kuta zipo. Pesa haipo. Wilaya ya zamani haikuleta pesa yoyote yenye jina hilo."

Nilicheka, wifi. Nilidhani anatania. Nikamwambia wifi yangu ndiye mhasibu kule, amenihakikishia kwa mkono wake. Akaniangalia kwa huruma, jambo lililonikera kuliko jibu lake.

Mvua zimeanza. Chumba cha ushonaji kinavuja upande wa dirisha. Niambie kilichotokea. Ni karani aliyeruka mstari? Kama ni kosa la kalamu, kalamu ileile si inaweza kulirekebisha?

Nakusubiri.

Wifi Mwalimu


Idara ya Fedha
15 Aprili

Wifi mpendwa,

Nimeumia kusikia hayo.

Mambo ya kamati ni marefu na mengine si ya kuandika. Nitasema hili tu. Karatasi ya mgawanyo ilisomwa mbele ya wajumbe wa pande zote mbili. Wenu walikuwepo. Waliulizwa kama wana la kusema, na hakuna aliyesimama kulitetea bweni. Wakatia saini. Sitaki kumtaja mtu jina wala kumfikiria vibaya. Mtu mzima akitia saini ana sababu zake. Ila kamba hukatikia pembamba.

Pamoja na barua hii dereva wa basi atakupa furushi. Ni turubai mbili na blanketi. Nimenunua kwa pesa yangu. Moja mfunike juu ya chumba cha ushonaji, upande wa dirisha alipo Kidomo.

Nitaendelea kufuatilia. Robo ijayo huenda pesa ikapatikana kutoka serikali kuu.

Wako,
Wifi


Shuleni
6 Mei

Wifi yangu,

Mungu akulipe. Turubai zimefika. Wazazi wa hapa sasa wanakuita "yule dada wa mjini mwenye roho."

Kuna jambo nimelifanya, na nataka ulisikie kwangu kabla ya watu wa njiani. Barua yako niliisoma kwenye mkutano wa wazazi. Si yote, ile sehemu ya saini, na ile ya kamba kukatikia pembamba. Nani asingeelewa? Bwana Kamba mwenyewe alikuwa amekaa safu ya mbele na mkewe.

Alisimama taratibu. Akasema, "Mwalimu, mimi niliuliza. Siku ya saini nilimuuliza mama mhasibu, na bweni la viziwi je? Akaniambia limeshughulikiwa. Nikaamini."

Wifi, damu ilinipanda. Nikamwambia mbele ya watu wote: "Mhasibu huyo ni dada wa marehemu mume wangu. Mtoto anayelala chini ya lile dirisha ni damu yake. Tafuta uongo mwingine, mzee." Watu wakalipuka. Mmoja akasema ameuza bweni kwa posho. Mwingine akasema ndiyo maana amepaka nyumba rangi. Mzee alimshika mkewe mkono wakatoka, na kofia yake akaisahau kitini.

Watoto nao hawakusikia neno, lakini wameelewa yote. Unajua viziwi hawakuiti kwa jina, wanakupa ishara. Yake ilikuwa kuvuta kamba kwa mikono miwili. Tangu siku ile wameibadilisha: sasa ni mkono unaoingia mfukoni. Kidomo ndiye aliyeanza.

Wiki iliyopita ukuta wa mashariki wa bweni ulilala chini wote kwa mvua. Namshukuru Mungu ilikuwa saa ya masomo. Chumba cha ushonaji nacho hakifai tena hata kwa turubai. Nimewarudisha watoto makwao mpaka mvua zikatike. Kidomo nipo naye chumbani kwangu.

Wako anayekutegemea,
Wifi Mwalimu


20 Mei

Kwa Bi Mhasibu,

Baada ya salamu. Natumaini u mzima na kazi zinaendelea.

Sina desturi ya kuandikia watu nisiokuwa na undugu nao, kwa hiyo ukiona nimekosea adabu, unisamehe. Utanikumbuka, mimi ndiye yule mzee wa kupanda greda.

Siku ile ya saini, wajumbe walipotoka kunywa chai, nilikukuta kwenye ujia karibu na wale wafagizi. Nilikuuliza swali moja, nawe ukanijibu neno moja. Nilikushukuru. Nakumbuka nilikuambia kwamba sikuwa na wasiwasi, kwa sababu nilijua mtoto wa kaka yako yuko pale.

Sikulaumu. Huenda uliambiwa hivyo na wakubwa zako, nawe ukaamini kama nilivyoamini mimi. Ninachoomba ni kidogo: uniandikie kwamba niliuliza. Usimtaje mtu mwingine yeyote. Andika tu kwamba mzee huyu aliuliza. Mke wangu ameacha kwenda sokoni, na mimi ningependa arudi.

Nakutakia heri.

Ni mimi,
Mpima Ardhi Mstaafu


Shuleni
30 Juni

Wifi,

Umenyamaza mpaka naogopa. Unaumwa? Kazi imekuelemea? Juzi simu yangu ililia, nikaona ni wewe, nikapokea, ukakata. Au ulikuwa mtandao?

Mvua zimepungua, nimewaita watoto warudi. Wengi wamerudi. Tisa hawajarudi. Kwa watano nimekwenda mwenyewe, nyumba hadi nyumba. Mama mmoja alinionyesha binti yake anachunga mbuzi, akasema, "Mwalimu, hapa angalau ana paa." Yule binti alikuwa amebakiza miezi michache ajue kusoma. Aliponiona alinyanyua mkono kunisalimu, kisha akauficha nyuma ya mgongo, kama mtu aliyekumbuka kwamba kitu hicho hakitumiki tena nyumbani kwao.

Bwana Kamba ameondolewa kwenye baraza. Hilo nililitaka na nililipata. Lakini sikiliza hili, kwa maana linanikosesha raha. Wiki mbili zilizopita nilimkuta bwenini peke yake. Amekuja na miti na misumari yake mwenyewe, anaegemeza ukuta wa magharibi usije ukafuata mwenzake. Jasho linamtoka. Nikamwambia, "Umekuja kumalizia na kuta?" Akasema, "Hapana, mwalimu. Ukuta huu haujui mimi ni nani." Nikamfukuza, wifi. Nilimfukuza mzee wa umri wa baba yangu, na watoto wamesimama dirishani wanamwonyesha ile ishara ya mfukoni. Alikusanya misumari mmoja mmoja, akaenda.

Tangu hapo najiuliza. Nimewaona wezi. Mwizi hurudi kuchukua kilichobaki, harudi na misumari.

Niandikie neno moja tu kwamba nilikuwa sahihi. Nitalala.

Wifi Mwalimu


11 Julai

Wifi,

Hukuwa sahihi. Na hukukosea wewe. Mimi ndiye niliyekupa kisu, nikakuonyesha na pa kuchoma.

Bwana Kamba aliuliza. Aliuliza kama alivyokwambia, maneno yaleyale, nami nilimjibu, "Limeshughulikiwa." Wakati namjibu, pesa ya bweni ilikuwa haina jina tena. Aliyelitoa jina lile ni mimi.

Nitakueleza ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Siku chache kabla ya mgawanyo mkurugenzi wetu wa huku aliniita, akafunga mlango mwenyewe. Akasema, "Mama, ile pesa ya bweni ingekuwa haina jina, wale walioko nje wangekula leo." Hakuniamuru. Alisema "ingekuwa" tu, kisha akaanza kuniuliza habari za nyumbani. Nikarudi mezani kwangu, nikaiondoa kwenye miradi, nikaiandika akiba ya kawaida. Kanuni niliyoiandika mwenyewe ikafanya kazi iliyobaki. Pesa isiyo na mradi haivuki mto.

Wafagizi walilipwa. Mama mmoja alinishika mikono akalia. Nilitamani machozi yale yanitoshe. Nilijiambia wale wana njaa leo, na paa ni la kesho. Nilijiambia robo ijayo serikali kuu italeta fedha, nitairudisha ya bweni mahali pake kabla hujajua. Robo imekuja, fedha haikuja.

Hayo ndiyo niliyokuwa najiambia, na yana ukweli ndani yake. Lakini kuna lingine ambalo sijamwambia mtu. Nusu ya idara yetu ilikuwa ihamishiwe kwenu, kwenye lile ghala linalonuka magunia. Jina langu lilikuwa kwenye orodha. Baada ya siku ile halikuwepo tena. Sikuuliza limetokaje. Nilikunja mikono yangu mezani nikamshukuru Mungu, wifi. Nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Bwana Kamba ameniandikia. Ameniomba niandike tu kwamba aliuliza. Kunitaja hakunitaja kwa ubaya hata kidogo. Barua yake imekaa kwenye droo tangu Mei, na kila nikifungua droo kuchukua kalamu naiona, nafunga, naazima kalamu ya jirani.

Turubai zile zilikuwa za kuninyamazisha mimi, si za kuwafunika watoto.

Sina la kukuomba.

Wifi yako


Shuleni
14 Julai

Nimeisoma barua yako nimesimama. Nikaketi, nikaisoma tena.

Sitakuita wifi leo, kalamu inakataa.

Nilisoma maneno yako mbele ya watu kama mtu anayesoma kitabu kitakatifu. Nilimwita mzee wa watu mwongo kwa ushahidi wa damu ya mume wangu. Umenitumia mimi, mjane wa kaka yako, kama kitambaa cha kufutia mikono yako. Na mimi nilivyokuwa hodari! Hakuna aliyenisukuma. Nilipaza sauti mwenyewe.

Nakupa hadi mwisho wa mwezi. Andika yote uliyoniandikia, utie saini, uipeleke kwa wenye mamlaka ya kamati, si kwa huyo mkurugenzi wako wa "ingekuwa". Usipopeleka, nitapeleka barua yako hii. Usinitumie ujumbe, usinipigie, usilete furushi. Sitakusitiri.

Mwalimu Mkuu


Nyumbani
9 Agosti

Kwa Mwalimu Mkuu,

Ulinikataza kuandika. Naandika mara hii moja ili usikie matokeo kwangu.

Nilipeleka. Kamati iliitishwa upya, wajumbe wa pande zote mbili, ukumbi uleule. Nilisimama nikasema. Mtu akaniletea maji, nami nikaona aibu kuyanywa. Mkurugenzi aliulizwa kama aliniamuru. Akasema, "Sijawahi kumwamuru jambo hilo." Na ni kweli, hakuniamuru. Mwenyekiti akaniuliza, "Una la kuongeza?" Nikasema, "Naomba iandikwe kwamba mjumbe wa wilaya mpya aliuliza, na kwamba nilimdanganya." Karani akauliza aandike "nilimdanganya" au "sikumweleza vizuri". Nikamwambia aandike "nilimdanganya."

Imeamriwa pesa yote irudishwe kwa mafungu mawili, kutoka kwenye ushuru wa masoko ya huku. Fungu la kwanza mwezi huu. Mimi nimesimamishwa kazi, nangoja barua ya mwisho. Naijua itasema nini. Mkurugenzi yupo ofisini.

Nilipokuwa natoa vitu vyangu mezani, mmoja wa wale wafagizi alinifuata mpaka langoni. Ni yule mama aliyelia. Akaniuliza, "Mama, kwa hiyo mshahara tuliopewa ulikuwa wa watoto viziwi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ungetuambia. Pengine tungesubiri." Sijui kama wangesubiri, na njaa ile. Lakini kweli, sikuwauliza. Nilitenda dhambi kwa jina lao, na wao sikuwashirikisha hata kwenye uamuzi.

Bwana Kamba nimemjibu, miezi miwili na zaidi imechelewa. Nimeambatisha karatasi ya kamati yenye muhuri, amwonyeshe atakaye.

Mimi ni huyuhuyu,
Dada wa marehemu mumeo


Shuleni
28 Septemba

Wifi,

Naona kalamu imekubali, basi tuiache iandike.

Fungu la kwanza limefika. Kwa sasa ukuta wa mashariki umepanda tena, mbao za kenchi ya paa zimerundikwa uwanjani, na fundi anagombana na watoto wanaozigeuza bembea. Wa wale tisa, saba wamerudi. Wawili hawatarudi. Yule binti wa mbuzi ni mmoja wao. Wazazi wamehama, hakuna anayejua walikokwenda. Nimeuliza mpaka nimechoka. Hilo hakuna kamati ya kulirudisha, nami nalibeba pamoja nawe, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia waende nyumbani.

Nilikwenda kwa Bwana Kamba siku ileile barua yako ilipofika. Mkewe alinifungulia, akanitazama, akaniacha mlangoni. Mzee akatoka. Nikapiga magoti, wifi, na unavyonijua mimi na magoti yangu. Akaninyanyua. Akasema, "Mwalimu, nimeweka mipaka ya watu maisha yangu yote. Jiwe la mpaka likiwekwa vibaya mchana, watu wanaona, huwezi kulirudisha kwa siri. Walioliona likihamishwa lazima walione likirudi."

Kwa hiyo niliitisha mkutano. Nilisoma karatasi ya kamati aliyonipa mzee, yote, kisha nikasema niliyomwambia mzee siku ile, neno kwa neno, na nikasema kwamba kosa lilikuwa langu. Cherehani cha mtoto mmoja kilisikika kutoka chumba cha pili. Mzee hakuja. Alikuja mkewe. Alikaa safu ya mbele, kiti kilekile, mgongo umenyooka, hakumtazama mtu. Nilipomaliza akasimama, akajifunga kanga yake vizuri, akaenda moja kwa moja sokoni. Wanawake walimpisha njia. Hakununua kitu. Alizunguka tu meza zote, akarudi kwake.

Kiti cha baraza wamemrudishia mzee, amekikataa. Amesema ataangalia paa likipanda, basi. Watoto nao wamemrudishia ishara yake ya kuvuta kamba. Sikuwaambia, walimwona akimpimia fundi kenchi.

Kuhusu wewe na mimi: sijamaliza hasira. Nikiamka imepungua, nikipita uwanjani nikiona godoro limeanikwa inarudi. Lakini kaka yako hakuniachia ndugu mwingine, na nimechoka kumchukia mtu ninayemkumbuka kila nikitaka kucheka.

Sasa la mwisho, nalo ndilo lililonifanya niandike. Nimemwambia Kidomo. Ana miaka kumi na mitatu, na uani watoto walishaanza kusema. Sikutaka alisikie kwa mikono ya wengine. Nilimweleza yote polepole. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu: "Shangazi alijua kwamba mimi nalala pale?"

Nilikuwa na jibu. Sikumpa. Swali si langu. Mwandikie.

Wifi Mwalimu


Nyumbani
3 Oktoba

Mwanangu Kidomo,

Mama ameniambia umeuliza swali. Nimeandika barua hii mara nyingi. Zile za kwanza zilikuwa ndefu, zina wafagizi, zina mkurugenzi, zina kanuni. Nimezichana. Hukuuliza hayo.

Ndiyo, mwanangu. Nilijua.

Mama yako alikuwa ameniandikia mahali ulipokuwa ukilala, na nani alikuwa pembeni yako. Nilijua siku ile nilipoichukua ile pesa. Nilikuwaza, kisha nikajilazimisha kuwaza kitu kingine, na niliweza. Hilo ndilo linalonitisha mimi mwenyewe: kwamba niliweza.

Huhitaji kuniambia si kitu. Ni kitu. Ukitaka kunikasirikia, kasirika kwa muda wowote utakao. Mimi ni shangazi yako ukiwa umekasirika na ukiwa umetulia.

Jumamosi nakuja. Sina kazi tena, nina mikono miwili, na mama yako anasema kuna mabati ya kushusha. Nitafika na basi la asubuhi, nitakwenda moja kwa moja uwanjani kwa fundi. Ukitaka kuniona, nitakuwa pale. Usipotaka, baki darasani kwako. Sitakuja kuchungulia.

Shangazi yako